Kaimu Marehemu

Jamhuri ya Staha haimo kwenye ramani, na wenyewe wanasema kosa ni la ramani. Ni nchi ya watu wenye adabu kupita kiasi. Huko mtu akifiwa na mama yake haambiwi palepale. Kwanza huketishwa, hupewa maji, huulizwa kama amekula, kisha huambiwa mama anaumwa kidogo, na habari yenyewe humfikia kesho yake, kaburi likiwa limeshafunikwa. Desturi hiyo ni ya huruma na kwa miaka mingi hakuna aliyeilalamikia. Balaa lilianza pale serikali ilipoiingiza kwenye kompyuta.

Mfumo wenyewe uliitwa Kioo cha Taifa. Ulikusanya takwimu za kila kitu mahali pamoja: visima, zahanati, madaraja, madawati, mpaka idadi ya mbuzi waliovuka barabara kuu bila idhini. Nchi nzima ilitazama data ileile moja, ila kila mtumishi alionyeshwa kiasi chake, kwa mujibu wa Waraka wa Haki ya Kutosumbuliwa. Makarani wa Ngazi ya Saba waliona mistari yote, ya kijani, ya njano na myekundu. Ngazi ya Sita hawakuona myekundu. Ngazi ya Tano hawakuona ya njano. Kadiri mtu alivyopanda cheo ndivyo alivyopunguziwa uchungu, mpaka kufika kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji, Ngazi ya Pili, ambaye kioo chake kilimwonyesha tarakimu moja tu kubwa ya kijani: visima mia mbili na kumi na viwili vinavyofanya kazi. Mkuu wa nchi, Ngazi ya Kwanza, alionyeshwa bendera ikipepea. Inasemekana aliitazama kila asubuhi na kuridhika.

Waraka ulikuwa na kifungu kingine, nacho kilikuwa cha haki vilevile. Kwa kuwa makarani waliona kila kitu, ilionekana si vizuri kuwatwisha pia mzigo wa kutoa amri, au hata wa kuongea. Walichoruhusiwa ni kuona.

Siwema Kitundu alikuwa karani wa Ngazi ya Saba katika Idara ya Visima, na alikuwa na miaka kumi na minane ya kuona. Kazi yake ilikuwa kuingiza majibu ya vipimo vya maji na kutunza orodha ya watumiaji wa Kioo. Miaka ya mwanzo alikuwa akirudi nyumbani na kushindwa kula. Siku hizi alikula, lakini chakula kilipita kooni bila ladha, na alikuwa na tabia ya kunawa mikono kila alipofunga kompyuta.

Jumatatu moja yakaja majibu ya kisima namba arobaini na moja, mtaa wa Machinjioni. Machinjio ya mji yalikuwa yamechimba mtaro mpya wa maji machafu, na mtaro huo, kwa kufuata njia fupi, ulipita hatua kumi kutoka kisimani. Damu, mavi ya utumboni na maji ya kuoshea kwato vilikuwa vinapenya ardhini polepole kuelekea kwenye maji ya watu. Kwenye nafasi ya idadi ya vijidudu mpimaji aliandika kwamba vimeshindikana kuhesabika. Chini yake, pasipotakiwa kuandikwa kitu, aliongeza neno moja kwa kalamu: harufu.

Mtaa wa Machinjioni ndiko alikoishi shangazi yake Siwema, Bi. Kidawa, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Jioni ileile Siwema alikwenda na kumkuta shangazi amejilaza kwenye mkeka, midomo imekauka, ndoo iko karibu naye kwa sababu ya kuhara kulikoanza Alhamisi. Majirani watatu walikuwa katika hali hiyohiyo. Siwema akavunja kifungu cha Waraka hapohapo mlangoni, akamwambia asiyanywe tena maji yale.

"Nisinywe haya nikanywe yapi, mwanangu?" shangazi akauliza, wala si kwa ubishi. Kisima kingine kilikuwa Kilimani, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi na ndoo kichwani. Kuyachemsha kulihitaji kuni, na kuni zilihitaji miguu.

Njia ilikuwa moja. Sheria ya Staha ilisema kisima kikifungwa rasmi, serikali italeta boza la maji safi kila siku asubuhi mpaka kitakapofunguliwa. Kisima kikinuka tu, bila kufungwa, hakukuwa na boza. Basi Siwema alitaka kitu kimoja tu katika nchi nzima: mtu mwenye amri auone mstari mmoja mwekundu.

Alianza na bosi wake, Bwana Lubuva, Mkuu wa Idara, Ngazi ya Tano. Alimkuta anakunywa supu ya utumbo aliyoletewa kutoka machinjioni kwenye hotipoti. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni, na alikuwa akilipangusa kwa nakala ya Waraka. Siwema aliomba radhi, akasema kuna jambo kuhusu namba arobaini na moja. Bwana Lubuva, kwa upole kabisa, akaigeuza kompyuta yake ili karani ajionee. Kwenye kioo chake baada ya arobaini ilifuata arobaini na mbili, na hapo katikati hapakuwa na hata pengo.

Siwema akafungua kinywa aeleze. Bwana Lubuva akavuta droo, akatoa vipande viwili vya pamba ambavyo ofisi ilimgawia kila mwezi, akavitia masikioni. Kisha akamkabidhi Fomu ya Kuomba Mkubwa Aone. Fomu ilikuwa nzuri, yenye nembo. Ilitakiwa isainiwe na shahidi aliyeuona mstari husika kwa macho yake, awe wa Ngazi ya Nne au juu zaidi. Siwema aliisoma mara mbili. Alipoinua kichwa, bosi alikuwa anavuta uzi wa utumbo kutoka katikati ya meno, na akampungia mkono wa kwaheri kwa kidole kilekile.

Alikwenda msalani akatapika. Kisha alirudi mezani, akaanza kuipitia orodha ya watumiaji, jina baada ya jina, elfu tatu na kitu, akitafuta mtu ambaye hayupo: mwenye macho ya karani na mkono wa mkubwa.

Siku ya tatu akampata. Alikuwa marehemu.

Jina lake lilikuwa Mzee Athumani Mtepa, karani wa Ngazi ya Saba kwa miaka thelathini na moja, aliyeanguka na kufa juu ya jedwali la visima vya mkoa wa kaskazini. Siku ya maziko serikali iliona aibu, ikampandisha cheo palepale kaburini mpaka Ngazi ya Pili. Sasa, mtumishi aliye hai anapopandishwa huvuliwa macho ya ngazi ya chini ili apumzike. Lakini katika Staha marehemu hanyang'anywi kitu. Ni utovu wa adabu mkubwa. Aliyeshughulikia jambo lile alimwongezea Mzee Mtepa cheo kipya, mkono wake ukaona haya kufuta cha zamani. Kwa hiyo kwa miaka minne mtu pekee katika jamhuri aliyeweza kuona kila kitu na kuamuru lolote alikuwa amelala makaburini.

Mjane wake, Bi. Mwamvita, aliishi nyuma ya soko la chumvi. Alimkaribisha Siwema, akamketisha, akampa maji, akamuuliza kama amekula. Siwema akaogopa kwamba anataka kuambiwa habari ya msiba. Alipoeleza shida yake, mama akainuka, akaenda kwenye mtungi wa maji na kukiondoa kifuniko chake. Kilikuwa kishikwambi alicholetewa na wizara siku ya arobaini, kikiwa kimefunguliwa kwa jina la mumewe, ili salamu za rambirambi za kila mwaka ziwe zinamfikia mwenyewe. Alikipangusa kwa kanga.

"Hiki nakisoma kila asubuhi," akasema. "Mwanzo nilidhani ni mambo ya nchi nyingine."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Kwa nani? Mume wangu aliyasema haya hapa sebuleni miaka thelathini na moja, na mimi nilikuwa namwambia ale kwanza."

Wakaufungua mstari wa arobaini na moja. Bi. Mwamvita alipofika kwenye lile neno la mpimaji aliuliza amri huandikwaje. Siwema akamsomea, yeye akabonyeza kwa kidole chake kimoja, herufi baada ya herufi: kisima kifungwe leo, boza lipelekwe. Mfumo ukauliza kama Mheshimiwa Marehemu ana uhakika. Bi. Mwamvita akabonyeza ndiyo, na machozi yakamtoka.

Sijui kama mmewahi kuona ofisi ya serikali ikikimbia. Bwana Lubuva alipopokea amri kutoka Ngazi ya Pili alisimama wima, akatoa pamba masikioni, akapiga simu nne kwa mkupuo. Jina la aliyeamuru hakulishangaa. Katika Staha cheo ndicho husomwa, na jina hufuata nafasi ikibaki. Kufikia saa tisa alasiri kisima kilikuwa na mnyororo na kufuli, na saa kumi boza lilikuwa limeegeshwa Machinjioni, watu wamepanga ndoo. Siwema alimpelekea shangazi kikombe cha kwanza. Bi. Kidawa akayanusa kwanza, akasema hayanuki kitu, akanywa yote. Baada ya siku sita alikuwa amesimama, anafagia uwanja na kumgombeza jirani.

Boza lilikuja kwa siku kumi na moja.

Siku ya nane Mheshimiwa Profesa Daktari Bundala Nkwabi, Waziri wa Maji, alifungua kioo chake, na visima vilikuwa vimebaki mia mbili na kumi na kimoja. Kwa kuwa Kioo hakikuruhusiwa kumwonyesha kupungua, tarakimu ilijiziba yenyewe na kuandika: Mheshimiwa, umekula? Alifahamu mara moja kwamba kuna msiba. Aliita tume.

Tume ilikaa siku mbili kwa chakula. Ilikubali kwamba amri ya marehemu ni halali na haiwezi kufutwa, kwamba kumshusha cheo ni laana, na kwamba kumwandikia barua ya onyo ni kazi bure, maana hatajibu kwa wakati. Mwisho mjumbe mmoja mwenye busara akapendekeza marehemu apewe likizo ya heshima, kwa kuwa tangu afariki alikuwa hajapumzika hata siku moja. Na mtumishi akiwa likizo, lazima awepo wa kukaimu nafasi yake. Barua ikaandikwa. Bwana Lubuva, pamoja na majukumu yake ya sasa, akateuliwa kuwa Kaimu Marehemu.

Aliifurahia sana nafasi ile. Aliagiza kibao cha mlangoni, akawa anapokea pole za wafanyakazi akiwa ameinamisha kichwa. Kishikwambi kilichukuliwa kutoka kwa Bi. Mwamvita, naye akaachiwa risiti ya kufunikia mtungi. Amri ya kwanza ya Kaimu Marehemu ilikuwa kukifungua kisima namba arobaini na moja, kwa sherehe, na boza lirudi karakana.

Siwema alipewa kazi ya kubeba sinia la glasi, kwa vile yeye ndiye karani wa kisima. Alisimama kando ya pampu tangu asubuhi, jua limemwangukia, na ile harufu imepanda mpaka machoni. Katika mtaro kulikuwa na kitu cha kijivu kilichovimba, na inzi walikuwa wamekifunika. Maofisa walioketi kwenye viti vya plastiki walikuwa wamejipaka manukato mengi. Manukato yale na uozo ule vikichanganyika vilimfanya Siwema atamani kuitoa pua yake aiweke mfukoni. Nyuma ya kamba walipanga foleni wanafunzi mia tatu na vikombe, na shangazi yake alikuwa miongoni mwa wamama, akimtazama yeye tu. Utaratibu ulikuwa kwamba Mheshimiwa anywe glasi ya kwanza, ahutubie, ndipo wananchi nao wanywe.

Mheshimiwa akashuka garini. Kaimu Marehemu akapiga pampu mara tatu, glasi ikajaa. Kwa mbali maji yalionekana kama maji. Waziri aliichukua glasi, akaipeleka mdomoni mbele ya kamera, ikasimama hapo. Pua yake, ambayo hakuna waraka ulioiwekea ngazi, ilikuwa imeona.

Akamwinamia Siwema, akitabasamu bado kwa ajili ya picha.

"Binti, maji haya ni safi?"

Siwema alikuwa amelisubiri swali hilo miaka kumi na minane, na sasa limemkuta na sinia mkononi. Aliwatazama wale watoto. Alijua akisema hapana atakamatwa kabla hajamaliza neno, glasi itabadilishwa, hotuba itaendelea, na watoto watakunywa. Alijisikia kinyaa, na sehemu kubwa ya kinyaa kile ilikuwa juu yake mwenyewe.

"Mheshimiwa," akasema, "kwa ngazi yako, ni safi."

Waraka wa Haki ya Kutosumbuliwa waziri aliuandika mwenyewe, kwa hiyo alielewa kila neno. Aligeuka kulia, kuna kamera. Aligeuka kushoto, kuna Kaimu Marehemu anapiga makofi. Akanywa mpaka chini.

Kisha akahutubia. Aliwaambia wananchi kwamba maji ni maji, na kwamba serikali inayowapa maji ambayo ni maji haina budi kupongezwa na maji yenyewe. Alizungumza dakika thelathini na tano, huku vikombe vya foleni vikijazwa. Kwenye ya thelathini na sita alinyamaza katikati ya neno maendeleo, akashika tumbo, akavuka mtaro kwa hatua moja na kukimbilia nyuma ya machinjio, walinzi wakimfuata na mwavuli. Yaliyosikika kutoka kule yalisikika mpaka foleni ya mwisho. Bi. Kidawa akakigeuza kikombe chake, akamwaga kilichokuwamo. Wamama wenzake wakamwaga. Watoto wakamwaga pia, wakicheka.

Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, simu ya mezani kwa Siwema ililia. Ilikuwa sauti ya Mheshimiwa, nyembamba, kutoka wodi ya daraja la kwanza. Alieleza kwamba daktari bingwa, Ngazi ya Nne, amefungua faili lake kwenye Kioo na kuliona la kijani kabisa, amempongeza kwa afya njema, ameondoka. Wauguzi, ambao ni Ngazi ya Saba, wanamletea beseni na kulitoa bila kusema neno. Alitaka kuonyeshwa alichokunywa, ili apewe dawa yake.

Siwema akamweleza taratibu. Mstari wa arobaini na moja unaonekana na Ngazi ya Saba peke yake. Kufariki hakutamsaidia, kwa sababu yeye hakuwahi kuwa karani, atabaki na kijani chake mpaka kaburini. Njia iliyobaki ni kushushwa cheo. Fomu ipo, ukurasa mmoja, saini yake mwenyewe inatosha. Akishaona na kupandishwa tena, atamtajia daktari alichokunywa apate dawa, na kwa neno lake moja kisima kitafungwa na boza litarudi.

"Nishuke kwa muda gani?"

"Dakika tano, Mheshimiwa."

Siwema alisikia beseni likisogezwa sakafuni. Alijikuta ameshika ukingo wa meza, anamwombea mtu yule, kwa dhati kabisa, apate ujasiri wa kuwa karani kwa dakika tano. Alifikiria miguu ya shangazi na njia ya Kilimani. Hakumbuki kama amewahi kuomba kitu namna ile.

"Dakika tano," Mheshimiwa akarudia. "Na itaandikwa kwamba nilishuka?"

"Itaandikwa."

Beseni likasogezwa tena.

"Andika nimepona," akasema, akakata simu.

Siwema hakuandika. Hakukuwa na haja. Kwa ngazi zote za juu alikuwa hajawahi kuumwa. Alinawa mikono, akaazima spana karakana, akaenda Machinjioni. Yeye na shangazi yake na wamama wanane walifungua bolti za pampu, wakatoa ule mkono wa chuma wa kupigia maji, na mdomo wa kisima wakaujaza mawe na viroba vya mchanga mpaka juu. Walifanya mchana kweupe na hakuna aliyewauliza, kwa sababu waliopita walikuwa watu wenye vyeo.

Ule mkono wa pampu Siwema alirudi nao ofisini akauweka juu ya meza ya Kaimu Marehemu, na kutu yake na matope yake. Bwana Lubuva aliutazama kwa muda. Halikuwa jambo la ngazi yake. Akausogeza kidogo kwa kiwiko, akapata nafasi ya kuweka hotipoti.

Boza halijaja tena, maana hakuna kisima kilichofungwa rasmi. Wamama wa Machinjioni huamka alfajiri kwenda Kilimani, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na Bi. Kidawa huwa nyuma yao akipumzika kila mahali palipo na jiwe. Kwenye Kioo cha Taifa visima ni mia mbili na kumi na viwili, vya kijani, na Mheshimiwa hajambo.